Babu aliacha kihamba Kibosho akaenda kuuza chumvi Babati, historia yake nianzie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Babati, nalifupisha maana lilikuwa refu: "Shikamoo mwalimu. Babu yetu mzaa baba alitoka Kibosho akaja kufungua duka Babati, amefariki 2009 tukamzika hapa hapa Babati na mpaka leo baba wadogo hawaelewani na ndugu wa Kibosho kwa sababu hiyo. Tunachosimuliwa ni kwamba alikuja na baiskeli na gunia la chumvi basi. Tumebaki na sanduku la bati lina madaftari ya duka kama ishirini na marisiti, shangazi anataka tuyachome anasema yanaleta panya. Nataka niandike historia ya familia nianzie wapi? Na kwa nini mtu aache shamba la kahawa aje kuuza chumvi?"

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote hilo sanduku lisichomwe, litoe hapo lilipo leo leo, liweke juu ya kitu kisiguse sakafu, na shangazi mwambie kuna mzee mmoja mtandaoni amekuomba umpe wiki mbili tu. Nimefanya kazi ya nyaraka miaka ishirini na kitu, nimeona familia kubwa kubwa zenye maprofesa ndani hazina hata karatasi moja ya babu yao, na nyie mna madaftari ishirini mnataka kuwashia moto. Waswahili wa dukani wana ule msemo wao mali bila daftari huisha bila habari, wanabandika ukutani pembeni ya kalenda, sasa nyie mali imeshaisha daftari ndo limebaki.

Naanza na swali lako la pili kwa sababu hilo ndo linabeba lile la kwanza. Unauliza kwa nini mtu aache shamba la kahawa. Swali langu mimi ni hili, babu yako alizaliwa wa ngapi? Hujaandika na nakuhakikishia ndo jambo la kwanza la kutafuta, kabla ya mwaka wa kuzaliwa, kabla ya jina la ukoo, kabla ya hayo mambo ya sisi tulitokea wapi. Uchaggani kihamba, yaani lile shamba la familia la migomba na kahawa, hakigawanywi kama keki ya harusi kila mtu kipande. Desturi ni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume baba anamtafutia kihamba chake mapema akioa, na kitinda mimba anabaki pale pale nyumbani na wazazi, wakifa migomba na nyumba ni vyake. Wa katikati? Wa katikati anategemea baba awe na ardhi ya ziada au mangi ampe eneo ambalo halina mtu. Zamani hilo liliwezekana. Lakini watu waliongezeka, kahawa nayo ikakaa kwenye ardhi miaka na miaka, huwezi kung'oa mibuni ya mtu ukasema hapa pako wazi, na kule juu kuna msitu wa serikali na kule chini kuna mashamba ya walowezi, kwa hiyo mlima ulijaa. Miaka ya 1940 na 1950 kijana wa katikati wa Kibosho alikuwa anaona kabisa kwamba atazeeka akiwa kibarua wa kaka yake.

Kwa hiyo mimi sisemi babu yako aliacha kihamba. Mpaka nione ushahidi mwingine nasema kihamba hakikuwepo, na duka ndo kihamba alichojipatia. Nikipewa historia ya mwenye duka wa Kichagga kwenye mji mdogo wowote, uwe Babati, uwe Kondoa, Singida, Mpwapwa, swali langu la kwanza huwa hilo la wa ngapi na mara nyingi jibu ni wa pili, wa tatu, wa nne. Siyo kila mara, kuna wa kwanza waliogombana na baba zao na kuna waliokimbia kesi, ila mara nyingi.

Na hapa kuna kichekesho ambacho sisi wenyewe tumekizoea hatukioni tena. Leo ukiwa Dar ukamtuma mtoto sukari unamwambia nenda kwa Mangi. Mangi ni nani? Mangi ni mtawala, ndiye aliyekuwa na kauli juu ya ardhi kule mlimani. Sasa kijana aliyekosa ardhi kwa mangi akaenda kufungua kiduka cha chumvi na viberiti ugenini, na watu wa huko wakamwita yeye Mangi! Serikali ya uhuru ilifuta utawala wa machifu 1963 lakini mamangi wa dukani hakuna aliyewafuta.

Haya tuje kwenye baiskeli na gunia la chumvi. Sikatai. Ila piga hesabu. Kutoka Moshi mpaka Arusha ni kama kilomita 80, Arusha mpaka Babati kama 170 hivi, na kipande cha kuingia Babati kilikuwa vumbi na matope mpaka miaka ya karibuni. Gunia la chumvi juu ya baiskeli kilomita 250? Inawezekana alikuja na baiskeli, inawezekana aliuza chumvi, ila hivi vitu viwili pengine vilitokea wakati tofauti na simulizi ikaviunganisha. Baiskeli kwenye hizi simulizi ni kama farasi kwenye hadithi za Wazungu, kila mtu mkubwa lazima afike nayo. Ninachotaka ujiulize ni baiskeli aliinunua kwa hela ya nani. Baiskeli miaka hiyo ilikuwa mali, siyo kitu cha kijana asiye na kitu. Hapo ndo kahawa inarudi.

Kibosho na Kilimanjaro yote kahawa iliingia kwa mapadre na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, kisha Waingereza walipochukua nchi yule bwana Charles Dundas akiwa mkuu wa wilaya pale Moshi akawahimiza Wachagga wapande. Wakulima wakaunda chama chao 1925, Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake, na 1933 kikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro. Mfumo wa KNCU ulikuwa mkulima akipeleka kahawa kwenye chama cha msingi anapewa malipo ya kwanza, halafu kahawa ikishauzwa yanakuja malipo ya pili. Na yale malipo ya pili yalikuwa na tabia moja, yanakuja kwa mkupuo na yanakuja wakati njaa imepita. Ya kwanza yanaliwa, ya pili ndo yanasomesha mtoto, yanaezeka bati, yanamnunulia kijana cherehani au baiskeli au leseni ya uchuuzi.

Kumbuka pia Mwafrika wakati ule hakuwa na pa kukopa. Kulikuwa na sheria ya 1923 iliyozuia mikopo kwa wenyeji, maana yake mfanyabiashara wa Kihindi akimkopesha Mwafrika bidhaa bila kibali cha serikali hawezi kwenda mahakamani kudai. Serikali ilisema inawalinda wenyeji na madeni. Kiukweli ilimfungia Mwafrika mlango wa jumla, unanunua kwa hela mkononi au unanunua kwa kuaminiwa tu na Mhindi mmoja anayekujua uso. Kwa hiyo mtaji wa kwanza wa babu yako karibu lazima ulitoka kwenye kahawa ya mtu, ya baba yake au ya kaka yake au ya mjomba, na huyo mtu kama hakulipwa basi usishangae kwamba ndugu wa Kibosho wana maneno mpaka leo. Mnadhani mnagombana kwa ajili ya kaburi. Inawezekana mnagombania malipo ya pili ya mwaka fulani ambao nyie hamjazaliwa.

Sasa sanduku. Usianze kusoma daftari kama kitabu, utachoka ukurasa wa tatu utaona sukari sukari sukari chumvi. Yatandaze kwanza mezani uyapange kwa umri, na umri utaujua hata kama hakuna tarehe. Ukikuta ratili na wakia na galoni hilo ni la zamani, kabla kilo na lita hazijashika. Ukikuta risiti imeandikwa Tanganyika basi ni kabla ya mwisho wa 1964, jina la Tanzania lilikuja Oktoba mwaka ule. Ankara ya STC, yaani lile Shirika la Biashara la Taifa, ni baada ya Azimio la Arusha 1967 mpaka kama 1973, baada ya hapo ni RTC, ile kampuni ya biashara ya mkoa, na kwa nyie ni RTC ya Arusha kwa sababu Babati ilikuwa mkoa wa Arusha, Manyara imezaliwa 2002 tu. Ukikuta stakabadhi ya pango kutoka Msajili wa Majumba basi fremu yake ilikuwa kwenye moja ya zile nyumba serikali ilizochukua kuanzia 1971, zile za thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, nyingi zilikuwa za Wahindi, na hapo una sura nzima ya historia kwenye kikaratasi ukubwa wa kiganja. Stakabadhi za kodi ya kichwa nazo usitupe, zile zinaandika jina, kijiji na jina la mtoza kodi.

Ukishapanga chagua daftari moja tu la zamani kuliko yote ulale nalo. Mimi la babu yangu mzaa mama, yeye alikuwa na duka Kondoa, nililisoma mara ya kwanza nikiwa na miaka 30 nikalitupa pembeni, mara ya pili nikiwa na 45 ndo nikaona kitu. Kila mwaka kuanzia Desemba orodha ya wadaiwa inakua, Januari inakua, Machi imejaa mpaka anaandika pembeni kwa kubana, halafu Julai Agosti majina yanaanza kukatwa mstari mmoja mmoja kwa wino mwekundu. Nikagundua lile duka lilikuwa linafuata kalenda ya mahindi. Watu wanakula kwa mkopo wakati wa kupalilia wanalipa wakivuna. Na pembeni ya tarehe moja ya Novemba kaandika kwa penseli, bila sababu yoyote ya kibiashara, "mvua ya kwanza". Basi. Mtu alikuwa amekaa nyuma ya kaunta miaka mingi lakini bado anahesabu mvua. Nililia asee, mtu mzima.

Kwenu Babati utakuta mahindi, maharage na mbaazi. Usishangae ukikuta mbele ya daftari anauza sabuni na mafuta ya taa na nyuma, ukiligeuza, kuna hesabu nyingine ya magunia. Duka la mji mdogo siku zote lilikuwa na milango miwili, wa mbele wa kuuzia na wa nyuma wa kununulia mazao. Ila miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 mahindi yalikuwa ya kuuziwa Shirika la Usagishaji, NMC, mtu binafsi kununua na kusafirisha bila kibali ilikuwa kosa, kwa hiyo hizo hesabu za nyuma zinaweza kuandikwa kwa mafumbo. Nimeshaona daftari moja limeandika "vitabu" magunia 14. Vitabu gani vinauzwa kwa gunia.

Hii inanileta kwenye miaka ambayo familia nyingi za wenye maduka zinairuka wakisimulia. Wanasema babu alikuja, akafungua duka, akasomesha watoto. Kati ya kufungua na kusomesha kuna mambo mazito. 1967 biashara ya jumla inaingia mikononi mwa serikali. 1976 mwanzoni kukawa na Operesheni Maduka, maduka binafsi hasa vijijini yakaagizwa yafungwe ili yabaki ya kijiji na ya ushirika, kwa hiyo kama babu yako alikuwa na kitawi kijijini huko nje ya Babati tafuta kama kinapotea kwenye daftari mwaka huo. Na mwaka huo huo 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa nchi nzima, KNCU ikiwemo. Hebu ona mtu mmoja, huku Babati duka linabanwa, kule Kibosho kaka yake hana tena chama, na hii ndo miaka bei ya kahawa duniani ilipaa baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil Julai 1975. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki inakufa na mpaka wa Kenya unafungwa. Kisha vita vya Amin. Kisha hakuna sabuni, hakuna sukari, hakuna khanga, watu wanapanga mawe kwenye foleni ya RTC kushika nafasi.

Halafu 1983. Hapa nenda polepole. Ile kampeni ya wahujumu uchumi chini ya waziri mkuu Sokoine ilianza Machi mwaka huo, ikatungiwa sheria yake na mabaraza yake, na mwenye duka yeyote aliyekutwa na katoni za sabuni asizoweza kuzitolea maelezo alikuwa mlanguzi. Walikuwepo walanguzi kweli, tusidanganyane, watu walikuwa wanaficha sukari wakati watoto wanakunywa uji wa chumvi, na wananchi wengi walishangilia na mimi nakumbuka nilishangilia pia. Lakini hofu iliingia hata kwa mtu mwenye mche mmoja wa sabuni chini ya kitanda, watu walitupa mali mitoni usiku, walizika, walichoma. Zile bidhaa na karatasi zake. Nimewahi kushika daftari la familia moja, siwataji, kurasa za Machi mpaka Juni 83 zimekatwa kwa wembe, zimekatwa vizuri kabisa unaona vibaki kwenye mshono. Mjukuu alidhani ni panya. Panya hakati kwa rula.

Kwa hiyo mtu mzima akisema tuchome haya makaratasi yanaleta panya, na mtu huyo mwaka 1983 alikuwa kijana mwenye akili zake, mimi nasikia kitu kingine. Nisije nikamsingizia shangazi yako, pengine ni panya kweli.

Angalia mwandiko. Hili nalisisitiza. Wakati wa kusimulia wanasema duka la babu, lakini babu asubuhi yuko Arusha kufuata mzigo, kesho yuko mnadani, keshokutwa yuko Kibosho kwenye msiba, sasa nani anaandika? Fungua ukurasa wowote ulinganishe na sahihi yake kwenye leseni. Nina karibu uhakika utakuta miandiko miwili au mitatu, na mmoja utakuwa wa mtoto wa shule, wa mviringo, unaokaa juu ya mstari. Mara nyingi sana huyo ni binti. Wavulana wanatumwa, binti anakaa kaunta. Ukienda Kibosho wakakuonyesha mti wa ukoo umechorwa vizuri kwenye manila utakuta wamepanda wanaume tu, mabinti hawarithi kihamba kwa desturi hiyo kwa hiyo hawachorwi, unaweza kuta mtu aliyeandika daftari zima la familia kwa mkono wake miaka kumi hayumo kwenye ukoo. Wewe ukichora wako mchore. Na bibi yako pia, sijaona umemtaja hata mara moja kwenye barua yako ndefu yote! Migomba ni ya mama kahawa ni ya baba, ndo ilivyokuwa, kwa hiyo kama bibi alibaki Kibosho miaka ya mwanzo yeye ndo alikuwa analisha watoto kwa ndizi wakati babu anajaribu bahati Babati. Na kama kulikuwa na bibi wa Kibosho na bibi wa Babati, hiyo nayo siyo ajabu, unaandika tu kwa adabu, ila ujue kabla hujapiga hodi.

Nyaraka za serikali nitazipitia haraka maana huko wengi wanakimbilia wakidhani watakuta jina la babu limeandikwa kwa dhahabu. Nyaraka za Taifa ziko Dar, Upanga, nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, ukifika usiulize Babati, uliza Mbulu. Babati imekuwa wilaya yake 1985, kabla ya hapo ilikuwa ndani ya Hanang, na enzi za Waingereza ilikuwa chini ya boma la Mbulu na makaratasi yote ya Waingereza ya eneo lenu yako kwa jina hilo, kuna watu wanarudi nyumbani mikono mitupu kwa ajili ya hilo tu. Utakuta habari za minada, leseni, barabara, malalamiko ya bei. Jina la babu sitegemei. Mahakama ya mwanzo ni afadhali, wenye maduka walikuwa wanadai na kudaiwa, na Kibosho kule kesi za vihamba ni nyingi kuliko za ng'ombe, kama kulikuwa na ugomvi wa mpaka kati ya babu na kaka yake unaweza kuukuta umeandikwa na karani neno kwa neno.

Lakini kitu kimoja cha Kibosho ni cha uhakika zaidi, vitabu vya ubatizo. Misheni pale Kibosho ni ya 1893, mapadre wa Roho Mtakatifu, na mapadre wana ugonjwa wa kuandika. Nenda parokiani siku ya kazi, siyo Jumapili, umsalimie katibu vizuri, uombe kutafutiwa. Vya zamani viko kwa Kilatini kwa hiyo Yosefu ni Josephus na Aloisi ni Aloysius, usiseme hayupo. Pembeni ya jina kuna wazazi, msimamizi wa ubatizo, na mara nyingi baadaye wameongeza ndoa ilifungwa wapi lini. Huyo msimamizi mfuatilie. Mara nyingi ni mtu aliyesaidia maisha yote, na kwa mwenye duka pengine ndiye aliyemtangulia kufika Babati, maana hakuna Mchagga aliyekwenda mahali ambako hakuna Mchagga aliyetangulia, angalau wa kumlaza siku tatu.

Ukiwa na wazee usiwaulize mwaka. Mzee ukimuuliza mwaka gani atakupa mwaka wowote ili uondoke. Muulize alifika Babati kabla ya uhuru au baada, vita vya Hitla alikuwa anachunga au ameoa, mwaka wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, duka lilikuwa upande gani wa barabara. Na usianze na ukoo wetu ulitokea wapi, ukianza hapo utapewa Mangi Sina na vita vyake saa nzima. Kibosho yote babu zao walikuwa askari wa Sina, sijui nani alikuwa analima. Sina alikuwa mtu kweli na Wajerumani walimpiga kweli 1891, ila hilo halitakuambia kwa nini babu yako alikuwa anauza chumvi.

Kuhusu kaburi. Wewe umeliandika kama ugomvi wa pembeni, mimi naliona ndo ushahidi mkubwa ulio nao. Mchagga anazikwa kihambani, kati ya migomba, hata afie wapi atasafirishwa, ndo maana Desemba mabasi yanajaa, watu wanakwenda pale walipozikwa watu wao. Sasa mtu wa Kibosho kuzikwa Babati kuna mawili. Labda aliomba mwenyewe, au hakuwa na pa kuzikwa kule, maana yake kihamba hakikuwa chake na mwenye nacho hakukubali au hakuombwa. Uliza taratibu, na uliza pande zote mbili kila mmoja peke yake. Ukifika Kibosho omba uonyeshwe masale ya mpaka, ile mimea iliyopandwa kwenye mistari, uliza huu mstari ulipandwa na nani, na huu je. Kama kuna kipande ambacho wanakiita kwa jina la babu yako mpaka leo wakati kinalimwa na mtu mwingine, nenda nje kaa kimya kidogo kabla hujauliza swali la pili. Na usiende mikono mitupu, peleka kilo za sukari na majani kama mjukuu wa mwenye duka unavyotakiwa, na ukikaribishwa mbege kunywa hata kidogo.

Hela ya kusafiri kama hamna basi Kibosho isubiri Desemba, huko watu wote watakuwa nyumbani. Sanduku halisubiri. Piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, kivulini, bila flashi, hata kurasa tupu, hata ndani ya majalada maana wazee walikuwa wanaandika siku za kuzaliwa watoto huko ndani ya jalada. Zitume sehemu mbili tofauti. Karatasi zilizoshikana usizivute.

Kisha ukae na shangazi. Chukua daftari moja, la katikati, siyo la miaka ile, umpelekee jioni akiwa ametulia umwambie shangazi huu mwandiko wa nani mbona mzuri hivi. Kama ni wake utajua kabla hajajibu. Habari za 83 usiziguse siku hiyo. Muulize sukari ya senti hamsini ilikuwa inafungwaje kwenye gazeti bila kumwagika, mwambie akuonyeshe, umpe na kipande cha gazeti.